Uzi: Kwa nyanya "Mswahili", darasani "mbara". Tusimuliane ujana wa pembeni na vitabu vilivyotushika mkono

Mwana wa Mikindani (mwenye uzi)

Wakuu, salamu. Mwenye haraka apite, uzi huu ni mrefu kama foleni ya feri mkesha wa Idi.

Juzi asubuhi navuka Likoni kwenda mjini, nikamwona msichana wa sare amesimama kando ya vyuma, peke yake, kitabu wazi mkononi. Hatua chache nyuma yake wenzake watatu wa sare hiyo hiyo walikuwa wakimwigiza mtu: "Papa, naompa pesa ya pasi." Wanacheka, wanarudia, wanatia nakshi. Msichana hakugeuka. Ila nilimtazama tangu feri iondoke mpaka iguse kisiwani, na hakufunua ukurasa hata mmoja.

Mimi pia nimewahi kushika kitabu namna ile.

Nimezaliwa Mikindani. Baba alikuwa kuli bandarini, mama akiuza mboga Changamwe, wote wawili Wakamba wa Kitui. Likizo ya Desemba tukipelekwa kwa nyanya, binamu zangu waliniita Mswahili. Hawakuwa wananisifu. Walimaanisha mtu anayeoga mara mbili kwa siku na hajui jembe linashikwa upande gani. Nikirudi Mombasa, mbara. Nadhani mahali pekee ambapo sikuwa mgeni wa mtu ni ndani ya lile basi la usiku, kati ya Mtito Andei na Voi, watu wote wamelala midomo wazi.

Sekondari nilisoma kisiwani, skuli siitaji. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na desturi ya kuwasimamisha watu wasome insha zao. Ulimi wangu wakati huo haukuwa na r. Barabara ilitoka "balabala", karatasi ikatoka "kalatasi", na darasa zima likilala juu ya madawati kwa kicheko. Nilikuwa napata 16 kwa 20, mara nyingine 17, na huku namwomba Mungu nifeli nisiitwe mbele.

Niliyeketi naye dawati moja alikuwa kijana wa Kibokoni, Mswahili wa mama na baba na mababu. Yeye akisoma, darasa kimya, maneno yanateleza kama samli. Lakini alama zake hazikuvuka 11. Siku moja nikachungulia daftari lake. Alikuwa ameandika: "Nikafumba mato, nikateka sana." Mwalimu kapiga mstari mwekundu chini ya mato, juu yake kaandika "macho". Kwenye nikateka hakusahihisha. Aliuliza pembeni, kwa wino ule ule: "Uliteka maji?"

Kwa wasio wa Pwani: kwao kuteka ndiko kucheka. Kijana aliandika vile anavyosema mamake. Kwa hiyo dawati letu lilikuwa na wageni wawili, mimi mgeni wa mdomo, yeye mgeni wa karatasi. Hatukuwahi kulizungumza hilo. Tulilofanya ni biashara. Mimi nilipitia insha zake kabla hazijakusanywa, nikimtolea mato na ndia na mtele. Yeye alinifundisha r jioni, pale Lighthouse, tumekalia ukuta, meli zinaingia mlangoni. Ada ya somo ilikuwa muhogo wa kukaanga, pilipili na ndimu, na mlipaji ni mimi. Alinisemesha "rubani Rashidi karudi Rabai" mpaka mwuza madafu akawa anaitikia. Nilichukua miezi minne.

Sasa kitabu. Baba alininunulia Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Shujaa wake anaitwa Kongowea Mswahili, na tuliposoma jina hilo tulicheka, maana Kongowea kwetu ni soko, ni magunia ya vitunguu na mikokoteni ng'ambo ya daraja la Nyali. Lakini soma uone: mtoto amelelewa Tanga, mama amemfia, anafunga safari kuja Kenya, mpaka bara kabisa, kumtafuta baba asiyemjua. Jina la Pwani, baba wa bara. Nilikisoma mara tatu. Sikuwahi kukutana na mtu kitabuni ambaye swali la "kwenu wapi?" lilimkwama kooni kama lilivyonikwama mimi.

Tulipofunga skuli mwanzo wa Agosti 1997 nilimwazima mwenzetu mmoja, Mjaluo wa Likoni, kijana mpole, fundi wa kuchora meli. Watu wa umri wangu mnajua kilichofuata. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikachukuliwa, na watu wa bara wakaanza kufukuzwa kwa mapanga na moto. Vikaratasi vilikuwa vimesambazwa vya kuwataka waende kwao. Waliouawa walizidi 100. Maelfu walikimbia, wengine wakalala uwanjani mwa kanisa Katoliki la Likoni na magodoro yao.

Septemba tukafungua. Dawati lake lilikaa tupu wiki mbili, kisha mtu akahamia. Mwalimu aliita jina lake kwenye rejista siku tatu za kwanza, siku ya nne akaliruka.

Kitabu changu sijui kilichomeka au kilipanda basi. Nimenunua nakala nyingine ukubwani, lakini ile ilikuwa na alama ya chai ukurasa wa kwanza na jina langu kwa penseli.

Ninachouliza: wewe ulikuwa mgeni wa nini ujanani? Na kuna kitabu kilichokaa na wewe?

---

Nahodha Hana Chombo

Nafuatilia. Bana weka nafasi kati ya aya, macho yangu yana miaka 50.

---

Bi Mkubwa wa Kuze

Mwanangu wa Mikindani, kisa chako kizuri, ila hapo kwa alama 11 umepita mbio, na hapo ndipo penye uzi.

Mwaka 1928 wakubwa wa elimu wa makoloni haya ya Afrika Mashariki walikutana hapa hapa Mombasa, wakakata shauri kwamba Kiswahili cha vitabu kiwe cha Unguja. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, lugha aliyotungia mshairi Muyaka, kikawekwa kando, na kikao chenyewe kiko mjini kwake. Mume aposa mke wa pili, posa yasomwa barazani kwako, na pilau umepika wewe.

Mimi nalisoma miaka ya 70. Nimepigwa kalamu nyekundu kwa "ndia", kwa "kitwa", kwa "mtele". Nikajirekebisha. Siku moja nikafika nyumbani nikasema "nimekutana naye njiani", nyanya akauliza kutoka jikoni, "Ni nani huyo mgeni?" Hakuwa anafanya mzaha. Hakunijua sauti.

Kitabu? Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla, mtoto wa Mombasa, alifungwa 1969 kwa ajili ya waraka alioandika, Kenya: Twendapi?, akakaa ndani miaka mitatu, na mashairi yale aliyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kitabu 1973, na mwaka wa pili yake yakapata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Fikirini: jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani. Kakangu alikileta nyumbani. Nalikuwa na miaka 14, nusu ya mashairi sikuyaelewa, lakini maneno ya jikoni kwetu yalikuwa yamepigwa chapa na hapakuwa na wino mwekundu hata tone. Nalikuwa nalala nacho chini ya mto.

---

Mnazi Mkinda

Naomba niwaharibie mazungumzo kidogo.

Mbara analia aliitwa mbara. Mswahili analia kasahihishwa. Mimi ni Mgiriama, nimekulia Kisauni. Babu zangu hawakuja na basi wala na jahazi. Lakini watu wa bara walituweka kapu moja na Waswahili, na Waswahili wa mjini wakatuita Wanyika, watu wa pori. Kidato cha kwanza msichana mmoja aliniuliza mbele ya wenzake kama chupa yangu ya maji ina pombe ya mnazi. Nikajifanya nimecheka. Kutoka siku hiyo mpaka nimalize sikubeba chupa skuli, Mombasa hii, jua hili, mwezi wa Februari.

Kitabu hakuna. Sikuwahi kujiona kwenye kitabu, labda kama mtumishi anayefungua mlango. Ndiyo maana nimejipa jina hili hapa mtandaoni.

---

Bi Mkubwa wa Kuze

Mnazi Mkinda, neno hilo la Wanyika nimelitumia utotoni. Tulilisema kama mtu asemavyo "kuku". Niwie radhi, mwanangu.

---

Mnazi Mkinda

Yameisha Bi Mkubwa. Lakini asante kwa kulitamka, wengine huniambia nimeota.

---

Ticha wa Zamu

Nafundisha fasihi mwaka wa 19 sasa, nisameheni ulimi wa darasani.

Kiswahili hakina neno moja la hali hii. Tuna mgeni, lakini mgeni anakirimiwa. Tuna mkuja, hilo ni tusi la nusu. Tuna mpweke. Na tuna mkiwa, ambalo mimi nalipenda kuliko yote: mtu asiye na mtu. Hilo ndilo naliona kwenye riwaya zetu. Kijana haumii kwa sababu hajajielewa, anaumia kwa sababu ameulizwa "wewe wa nani?" na hana jibu. Angalieni swali lenyewe. Hatuulizi ni nani, twauliza wa nani.

Mfano mkubwa ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili 2022. Yusuf ana miaka 12. Babake ana deni, anamtoa rehani kwa tajiri Aziz, ambaye mtoto amezoea kumwita ami na kupewa sarafu naye akija kutembea. Wanapanda treni, Yusuf anadhani anakwenda matembezi kwa ami. Dukani anamkuta Khalil, mkubwa wake, naye ndiye anayemwambia: huyu si ami yako, mwite Seyyid. Mtoto anaendelea kuteleza na kusema ami, na kila mara anarudishwa. Riwaya nzima kwangu iko hapo, katika neno moja la udugu linalopokonywa mdomoni.

Na Khalil amempa jina: kifa urongo. Kifaurongo mnaujua. Unaota kando ya uwanja wa mpira, ukiugusa majani yanajikunja kana kwamba umekufa, ukiondoka unafunguka polepole. Mwaka jana nilitoka na darasa nje tukaugusa. Kuna mvulana mmoja wa nyuma, hasemi na mtu, alibaki pale amechuchumaa kengele imeshalia. Sikumwita.

---

Nahodha Hana Chombo

Ticha sawa, lakini wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimefika Magongo 1982, jembe nimelima mpaka mpini umevunjika, na chaguzi zikikaribia bado naulizwa kwetu wapi. Siku ya tatu ni lini?

---

Mama Wawili

Jamani nimesoma uzi huu ofisini mpaka nikajifanya na mafua.

Sisi ni Wabukusu, tumehamia Likoni Januari mwaka huu, kazi ya mume. Binti yangu yuko gredi ya 9, ana miaka 14, anavuka feri kila siku. Mwana wa Mikindani, sijui kama uliyemwona ni yeye, watoto wanaotamka b kama p ni wengi. Lakini wangu amepunguza kuongea. Akiagizwa dukani anaonyesha kwa kidole. Jumapili amekataa kuimba kwaya, na Bungoma ndiye alikuwa anaongoza.

Anapenda kusoma. Nimpe kitabu gani?

---

Kichwa Kigumu

Mpe Kichwamaji ya Kezilahabi. Mimi nilikisoma nikiwa na miaka 17 nikahisi kuna mtu ameingia chumbani kwangu na kuwasha taa. Kazimoto ni msomi, hayuko sawa na wazee kijijini, hayuko sawa na wenzake wa chuo. Hapakuwa na mtu aliyeandika upweke kwa Kiswahili namna ile kabla ya 1974.

---

Ticha wa Zamu

Ndugu yangu, Kazimoto anaishia kujiua. Unampa mtoto wa miaka 14 aliyeacha kuongea?

---

Kichwa Kigumu

Mimi nilikisoma na niko hai, nina watoto watatu na mkopo wa sako.

---

Ticha wa Zamu

Ulikuwa na 17 na ulikuwa unaongea, nina hakika hata mwalimu alikuomba unyamaze. Ni riwaya kubwa, nami naifundisha. Lakini kitabu si panadol, hakifai kila kichwa. Akifika kidato cha nne asome, tena na mtu wa kuzungumza naye pembeni.

---

Tudor Nusu Saa

Mimi ndiye mdogo hapa nadhani, nimemaliza skuli juzi tu. Nilichosoma ni The Outsiders ya S. E. Hinton, nakala imetoka nyuma, tumeipitisha darasa zima na selotepu. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, yuko sekondari, mji wa Tulsa jimbo la Oklahoma, na ikachapishwa 1967. Ni msichana, lakini wachapishaji walimshauri atumie herufi tu, wahakiki wanaume wasije wakakidharau kitabu cha vijana wa mitaani kwa kuona jina la kike.

Kule ni magenge mawili, maskini wenye nywele za mafuta na watoto wa matajiri. Ticha kasema kwetu huulizwa wewe wa nani. Nakubali nusu. Kwetu Tudor tuliulizwa pia umekuja na nini. Wa basi la skuli wenye kiyoyozi walikaa upande wao, wa matatu upande wao, na wa miguu hatukuwa na upande. Viatu vyangu vilikuwa vya kaka, nimejaza gazeti mbele. Hakuna kabila hapo. Au wanasema hakuna.

Alichonifaa Hinton ni kwamba alikuwa na umri wangu. Nilijua mtu mzima hakutumwa kunifundisha adabu.

---

Mwana wa Mikindani (mwenye uzi)

Tudor, hilo la mwisho limenigusa, maana sisi wote hapa tunamtafutia mtoto kitabu kama watu wanaotafuta dawa ya minyoo.

Mama Wawili, mimi nilitaka kusema Siku Njema, lakini sasa naogopa. Mnazi Mkinda kasema hakuwahi kujiona kitabuni na amefika. Hebu muulize mwenyewe.

Kuna aliyeniuliza kwa faragha habari za kijana wa Kibokoni. Yuko, anaishi Mombasa, anauza vipuri vya tuktuk Mwembe Tayari, na kwenye simu ananiandikia Kimvita kitupu, hata risiti. Akitaka kuniudhi hunitumia sauti ya "balabala". Mwenzetu wa Likoni nimemtafuta mtandaoni miaka yote hii. Majina yake ni ya watu elfu.

---

Mama Wawili

Nimerudi. Jana usiku nilimsomea uzi wote, feri haikuwa imenichelewesha na stima ilikuwa imepotea, tumekaa na taa ya simu.

Pale kwa msichana wa kwenye feri alinyamaza, akasema, "Endelea." Sikuuliza. Kwa nyanya aliyesema ni nani huyo mgeni alicheka, na sijamsikia akicheka tangu Pasaka. Kifaurongo anaujua, Bungoma walikuwa wanauchokoza kwa vijiti.

Nilipomaliza nikamuuliza, haya, unataka kipi nikununulie? Amejibu hivi, nami nawapa kama alivyosema: "Mama, hao watu wote hawakusaidiwa na kitabu. Yule wa Mikindani alikuwa na wa muhogo. Huyo mtoto Yusuf alikuwa na Khalil. Tudor walikuwa darasa zima na selotepu. Mimi vitabu ninavyo. Sina wa muhogo."

Akazima taa ya simu yangu, akalala. Nami nikabaki gizani.

---

Mnazi Mkinda

Mama Wawili, mko Likoni sehemu gani? Mimi niliolewa huku huku. Nina wa gredi ya 9, anavuka feri ya saa kumi na mbili na dakika kumi, na anavuka akiwa amenuna kwa sababu rafiki yake amehamishiwa Malindi. Mdomo anao wa kutosha watu wawili. Shida yake ni hesabu, alama zake nikikuonyesha utafunga na kuswali.

---

Mama Wawili

Timbwani, karibu na msikiti. Na hesabu ndiyo somo pekee ambalo wangu hahitaji kufungua mdomo. Ana 91.

---

Mnazi Mkinda

Mungu wangu. Angalia ujumbe wa faragha. Kesho wakutane kwenye geti la kushoto, wangu ana mkoba wa kijani, na nimempa hamsini ya muhogo.